Mkono Wenye Nyota

Kadi ya mia nne na kumi na saba.
Seweryn amechonga penseli kwa kisu cha jikoni,
ametangulia kuweka nyota, kisha neno:
*rǫka.
Nyota ni kiapo cha mtu mwenye haya:
hili sikulisikia, wala sikuliona pameandikwa,
nimelijenga kwa kifusi cha wajukuu zake.

Chini ya o ametia kimkia,
maana sauti ile ilipitia puani
kama ya mtu anayeitikia na tonge mdomoni.
Warusi waliukata mkia, wakabaki na u yao safi.
Hapa Poland pua bado inafanya kazi,
hasa mwezi wa Machi, theluji ikigeuka tope
na nusu ya kijiji ina mafua.

Mama mkwe, Onutė, ni Mlithuania wa ng'ambo ya ziwa.
Anamenya viazi. Nyota za kwenye kadi hazimhusu.
Ameulizwa tu, kwenu mkono mnauitaje?
“Ranka.”
Na uyoga, mkienda msituni, mnaufanyaje?
“Rinkti. Tunaokota.”
Kisu kikasimama juu ya kiazi.
“Mkono si ndio unaookota? Ulitaka uitwe nani?”

Miaka miwili ya maktaba kule Krakovia,
na jibu lilikuwa kwenye beseni la maganda.

Basi ulikuwa Mwokotaji.
Kabla ya ngumi, kabla ya salamu na saini,
kabla ya mtu kuuinua kumpiga mwanawe,
uliinama ukaokota.
Mkono mtupu haulambwi, twasema sisi;
wale wa zamani, nadhani, wangeuliza
kama mtupu ni mkono kweli.

Sasa anachora jedwali.
*Rǫka, unapotenda wenyewe.
*Rǫky, kitu kikiwa chake.
*Rǫcě, unapopewa: hapo k hulegea,
huwa ts, kama chumvi iliyoonja maji.
*Rǫkojǫ, unapotumika,
refu kuliko yote,
kana kwamba kila chombo sharti kiwe na mpini.

Halafu safu ya katikati,
chumba ambacho nyumba yangu haina.
Mimi nikishavuka mkono nimeingia mikono,
umati, na mlango umefungwa.
Wao walikuwa na kizingiti cha viwili:
macho, masikio, magoti, hii jozi
inayolala pamoja chini ya shavu.
*Rǫcě, mikono miwili.
*Rǫku, ya mikono miwili, ndani ya mikono miwili.

Kizingiti kiliporomoka. Vipande vilibaki.
Leo Mpoland akisema ręce, hata ya watu elfu uwanjani,
kinywa chake bado kinahesabu miwili.
Na akisema ręku, ya kushika kitu mkononi,
anadhani ni mmoja.

Seweryn hakutaka kuisoma hiyo kwa sauti.
Baba mkwe, Zenon, yuko karibu na jiko,
sigara mkononi, mkono wa shati wa kushoto umekunjwa
na kubanwa kwa pini tangu msumeno wa kiwanda cha mbao,
mwaka sitini na nane.
Lakini mzee ana masikio, na yote mawili ni mazima.
“Yaani hii sigara naishika kwa miwili?”
Kwa sarufi, baba.
“Ningejua ungeenda huko
ningekupa na pete uipeleke.”
Akacheka mpaka akakohoa,
Onutė akampiga mgongoni kwa kiganja chenye wanga,
kisha, bila kufuta, akaichukua kadi aitazame,
akaishika kichwa chini miguu juu, akairudisha.

Kidole gumba chake kimebaki pembeni,
cheupe, kimekaukia pale pale kwenye nyota.
Seweryn ameshika kifutio.
Amekirudisha mfukoni.